Vifungo vya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare yake ya shule, Chiriku alimfunga mama yake vifungo vya blauzi. Alianzia chini, akapanda taratibu mpaka shingoni. Mama alisimama wima karibu na dirisha kama mtoto anayepimwa nguo, macho ameyafumba. Hakuwa na usingizi. Aliona aibu kuvishwa na binti aliyemzaa mwenyewe.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa ajili ya maneno yake mengi. Mama alikuwa akimtania kwamba akikosa mtu wa kuongea naye, huongea na sufuria. Lakini tangu mashine ya kupiga pasi mashuka iliponasa mkono wa kulia wa mama kwenye kiwanda cha kufulia nguo alikofanya kazi, chumba chao kilikuwa kimya. Kinga ya mashine ile ilivunjika zamani, na wafanyakazi walilalamika mpaka wakachoka. Vidole viliungua na kupondeka, na vilipopona vilibaki vimejikunja, havifunguki ng'o. Kiwanda kilimwachisha kazi mama, kikadai kwamba alikuwa mzembe, tena kwamba mkono wenyewe umeshapona.

Kesi ilikuwa mahakamani, ila majirani walishaikatia tamaa. "Mama Chiriku, wewe na wenye kiwanda, wapi na wapi?" walimwambia. Hata mwenye nyumba alikuwa ameanza kukohoa kila apitapo mlangoni mwao, na mama na binti walielewa kwamba kikohozi kile kilidai kodi.

Aliyebaki upande wao ni wakili, mama mmoja mnene ambaye miwani yake ilishikizwa kwa uzi. Siku ya kwanza alipowatembelea hakufungua faili lolote. Alitoa kitambaa mkobani, akampa Chiriku.

"Mwanangu, nifunge mkono huu wa kulia, ukaze hasa. Leo vyombo vya mama yako naosha mimi."

Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka pale sahani ilipomponyoka wakili ikatua kwenye kiatu chake. Wakili naye alicheka. Kisha akajaribu kukamua kitambaa cha kuoshea kwa mkono mmoja, akashindwa, na kicheko kikamwisha.

"Chuoni tulikuwa na mwalimu mkali," alisema. "Alikataa kutufundisha sheria za watu walioumia kazini mpaka kila mmoja wetu ashinde kutwa nzima mkono mmoja umefungwa. Nikaona huyu mzee anatuchezea. Basi nilishindwa hata kufunga kamba za viatu, nikaketi sakafuni nikalia. Jioni akatuambia, 'Sheria mtaisoma vitabuni. Mteja wako ameumia vipi, utamuuliza yeye, tena ukamuulize jikoni kwake.' Ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo."

Alipokuwa akiaga, aliwatazama mama na mtoto. "Na jambo la pili alilotufundisha mwalimu yule ni hili. Kama kuna lolote mmenificha, hata liwe la aibu, niambieni sasa. Nikilijua mapema nitajua la kufanya. Nikilisikia kule mahakamani, tumekwisha."

Chiriku aliinamisha kichwa. Jambo lilikuwepo. Shuleni wenzake walizoea kuuita mkono wa mama yake "kucha za mwewe", naye alikuwa akiumia rohoni. Siku moja, langoni mwa shule, mwanamume mmoja mpole alimuuliza mbele ya wenzake hao, "Mama yako hajambo? Mkono unaendeleaje?" Chiriku akajibu upesi, "Mama hana shida yoyote! Hata sare hii kanishonea yeye." Sare yenyewe ilitoka kwa binti wa jirani. Wenzake walinyamaza, na Chiriku akaondoka kifua mbele.

Sasa, badala ya kuyasema hayo, alimfungulia wakili mlango. Wakili akaenda zake.

Siku ya kesi, mwanamume yule mpole alikuwa ameketi upande wa kiwanda. Chiriku alipomwona, alijificha nyuma ya bega la mama. Yule bwana alisimama akaeleza kila alichokisikia langoni mwa shule. Wakili wa kiwanda akageuka, akatabasamu. "Mheshimiwa Hakimu, mama anayeshona sare hawezi kudai kwamba mkono wake umekufa."

Mama alimgeukia Chiriku.

Wakili wao aliomba nafasi kidogo, wakatoka ukumbini. "Nitakana!" Chiriku alilia. "Nitasema simjui yule bwana, sijawahi kumwona!"

"Ukisema hivyo, mimi navua joho hili hapahapa," wakili alimjibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Uongo wako mmoja umeshatufikisha hapa. Wa pili utatuzika."

"Lakini nikikiri, nani ataniamini?"

"Huenda asiwepo," wakili alisema. "Sikudanganyi. Huenda tumeshashindwa. Lakini tushindwe tukisema kweli."

Chiriku alijikaza kisabuni, akarudi ndani kutoa ushahidi. Hakimu alimuuliza kama anajua maana ya kusema kweli. "Najua, Mheshimiwa," alijibu, "ingawa siku ile sikuisema." Akaeleza yote: kucha za mwewe, sare ya jirani, na uongo alioutunga kwa kuona aibu. Wakili wa kiwanda alitikisa kichwa, akicheka chini chini.

Wakili wao akasimama. Hakuuliza habari za daktari wala za mashine. "Asubuhi, nani humfunga mama yako vifungo?"

"Mimi."

"Na yeye hufanya nini unapomfunga?"

Chiriku alimtazama mama, akasita. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hufumba macho."

Hakimu aliweka kalamu chini. Wakili wa kiwanda hakucheka tena.

Hukumu ilipotoka, kiwanda kiliamriwa kumlipa mama fidia pamoja na gharama za matibabu. Mwenye nyumba akapona kikohozi. Lakini hapakuwa na vigelegele. Daktari aliutazama mkono, akasema wamechelewa, vidole havitafunguka tena maishani. Kazi pekee aliyoijua mama ilitaka mikono miwili. Usiku ule alilia.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alianza tena kufunga vifungo, kuanzia chini.

"Nisamehe, mama. Nilikuonea aibu."

"Hata mimi nilijionea," mama alisema. "Lakini mkono huu si aibu yako, wala si yangu. Aibu ni ya walioacha mashine bila kinga. Kila tulipouficha, tuliwafichia wao. Ukweli hautaniponya mkono, mwanangu, ila usiseme uongo tena kwa kumwogopa anayecheka."

Chiriku aliinua uso. Mama alikuwa akimtazama, macho yamefumbuka.

"Haya, rudi nyuma," mama alisema. "Kuna kifungo umekiruka."