Marehemu Aliyeshona Suti ya Mahafali

Majirani zangu, sogezeni viti. Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa ya wenyewe, na aliyeumia kuliko wote ameniambia nisipunguze hata neno. Najua wengi wenu mna watoto chuoni, na mnalala fofofo kwa sababu kila mkipiga simu mnaambiwa masomo yanaendelea vizuri. Basi nisikilizeni.

Fundi mnamjua. Kibanda chake cha ushonaji kinatazamana na mlango wangu. Jumamosi moja asubuhi alikuwa anapiga pasi suti nyeusi, redio ikiimba kwa sauti ya chini, na mkewe, ambaye ni mkunga wa zahanati, amekaa kwenye benchi anashona vifungo kwa kuwa siku hiyo hakuwa na zamu. Suti ile haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mtoto wao wa pekee, ya kuvaa chini ya joho siku ya mahafali. Fundi aliivalisha sanamu lake la dirishani, na kila aliyepita aliulizwa anaionaje, apende asipende.

Mtoto mwenyewe mtaa mzima tulimwita Profesa, tangu alipokuwa darasa la tatu na akataja majina ya sayari zote bila kukwama. Hata mimi nilimwita hivyo. Sasa naona tulimvalisha suruali kubwa mapema mno, akawa hana muda wa kukua kwa kuishikilia isimvuke.

Asubuhi hiyo Profesa aliingia na kitabu chenye jalada gumu na herufi za dhahabu. Ilikuwa tasnifu yake, yaani ule utafiti mkubwa ambao kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kuufanya na kuuandika mwenyewe, la sivyo joho atalisikia kwa wenzake. Ilihusu matatizo ya wafugaji wadogo wa kuku wa mayai. Ilikuwa imeshasahihishwa na kupewa alama nzuri. Kilichobaki ni mahafali, wiki tano mbele.

Fundi alinawa mikono kabla ya kukishika. Mkewe alifuta machozi. Nami nilivuka barabara kwenda kupongeza, maana mimi ni karani wa ofisi ya mitihani katika chuo hichohicho. Na niseme ukweli mapema: muhuri uliogongwa kwenye ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu, na niliugonga bila kufungua ukurasa wa pili.

Walimu wana namna yao ya kusoma tasnifu. Hufungua muhtasari, huruka hadi hitimisho, halafu huchungulia marejeo. Kuna ukurasa mmoja pale mwanzoni uitwao tabaruku, ambapo mwandishi humtunuku kazi yake mtu anayempenda. Huo hausomwi na mtu yeyote isipokuwa mzazi. Na Fundi ni mzazi. Alianzia kwenye jalada, kidole chini ya mstari, vilevile anavyokagua mshono, na hakuruka kitu. Akasoma kwa sauti ili mkewe asikie.

"Naitabaruku kazi hii kwa marehemu baba yangu, dereva wa treni, aliyefariki kabla ya kuyaona matunda ya jasho lake."

Redio iliendelea kuimba. Fundi alirudia mstari ule kimoyomoyo, akajishika kifua, akamtazama mwanawe.

"Mimi nimeendesha treni lini?" akauliza.

Mkewe alichukua kitabu, akafungua ukurasa uliofuata, wa shukrani. Humo mwandishi alimshukuru mke wake mpendwa na watoto wao wanne kwa kumvumilia siku zote alizoshinda mabandani. Yule mama aliweka sindano chini taratibu.

"Profesa," alisema, "wajukuu wangu wako wapi?"

Profesa alitoa maelezo mengi kwa wakati mmoja. Mchapaji wa steshenari alichanganya karatasi. Treni ni lugha ya picha. Chuoni ndivyo wanavyoandika siku hizi. Halafu akakumbuka ana kikao cha haraka, siku ya Jumamosi, akaondoka na kuacha chai yake inafuka.

Baba yake alimwamini. Hilo ndilo lililoniuma. Jumatatu Fundi alikuja ofisini kwangu, amevaa tai, kitabu amekifunga kwa gazeti kisipate vumbi.

"Jirani, sina ugomvi na mtu," aliniambia. "Naomba mnifufue tu kabla ya mahafali. Nitakaaje pale mbele na kitabu kinasema nimeshazikwa?"

Nilicheka hadi nikavua miwani. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilimkumbuka dereva wa treni. Miaka sita nyuma tulikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma akiwa na familia yake, na huyo baba yake kweli alikuwa dereva wa treni. Nilikwenda stoo, nikakung'uta vumbi, nikaitoa tasnifu yake. Tukaziweka zile mbili mezani, mimi na Fundi, tukawa tunafunua pamoja. Ukurasa kwa ukurasa, jedwali kwa jedwali, kuku kwa kuku. Hata pale mwalimu yule alipokosea akaandika "kuku wa mayahi," Profesa naye alikuwa na mayahi yake. Tofauti pekee ilikuwa jina juu ya jalada.

Jamani, nitawaambia kishawishi nilichopata. Ningeweza kuchana ukurasa mmoja, nikachapa mwingine, na mambo yakaishia pale. Kazi ya nusu saa. Fundi aliisoma fikra hiyo usoni mwangu.

"Tukinyamaza, anavaa joho?"

"Anavaa."

"Na tukisema?"

Nikamwambia kanuni zinaruhusu hata kumfukuza moja kwa moja, miaka yote ikapotea. Alipapasa lile jalada. Najua alikuwa anaiona suti yake dirishani. Mwishowe akakisukuma kitabu kuelekea kwangu.

"Kipeleke kunakohusika. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi ni mshonaji, siwezi kujifanya sijui."

Profesa akaandikiwa barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kanuni zilimruhusu kuja na mzazi. Yeye nyumbani hakusema kitu, akaenda peke yake, hajui kwamba baba yake ameitwa kama shahidi kwa kuwa ndiye aliyekileta kitabu. Fundi alikuwa kwenye benchi la korido ya nyuma, kofia magotini. Mimi nilikuwa ndani, naandika kumbukumbu za kikao.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwalimu wa hisabati, mpole wa sauti, na upole huo ndio hutisha. Alizipanga tasnifu mbili mbele yake, akamwuliza Profesa zimefananaje. Profesa alikuwa amejiandaa. Alieleza kwamba watafiti wawili wanaweza kufikia matokeo yaleyale.

"Kwa asilimia tisini na nane?"

"Kuku ni walewale, Mwenyekiti."

Mjumbe mmoja aliinamisha kichwa akatafuta kalamu ambayo haikuanguka. Mwenyekiti hakucheka. Alifungua ukurasa wa tabaruku.

"Na baba zenu? Nao walifariki wote, na wote walikuwa madereva wa treni?"

Hapo ndipo mtoto angeweza kuokoka. Angesema tu, nimekosa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake.

"Ndiyo, Mwenyekiti," alisema. "Baba alitutoka ghafla."

Mwenyekiti akaniomba nimwite shahidi. Fundi akaingia, akasalimia, akasimama mlangoni.

"Wewe ni nani kwa mwanafunzi huyu?"

"Mimi ndiye marehemu," alijibu Fundi.

Yule mjumbe wa kalamu alipatwa na kikohozi ikabidi atoke. Mimi niliandika hivi, na kumbukumbu zipo hadi leo: "Saa nne na robo marehemu aliingia, akakaribishwa kiti."

Lakini Fundi hakukaa. Alimtazama mwanawe.

"Uliponizika kwenye karatasi nilikusamehe, nilidhani ni mchapaji. Leo umenizika kwa mdomo wako, mwanangu, na mimi nipo nyuma ya mlango."

Profesa alilia kama mtoto mdogo. Kila kitu kikatoka. Alikwama sura ya kwanza, akaona haya kuuliza, maana Profesa anaulizaje? Steshenari ya jirani na chuo ina mtu wanayemwita Bingwa, huuza tasnifu za zamani na kazi yake ni kubadilisha jina tu. Profesa alinunua moja, akaifungisha jalada, akaiwasilisha. Na alipoulizwa kama aliisoma walau mara moja, akatikisa kichwa. Mabanda arobaini ya kuku aliyodai kuyatembelea hakuyajua hata kwa harufu.

Kamati ilijadiliana hadi mchana. Hawakumfukuza. Walifuta alama zake, wakamsimamisha mwaka mzima, na wakaamuru aandike kazi mpya, kila sura aitetee kwa mdomo kabla ya kwenda inayofuata. Mwalimu aliyemsimamia na kutia saini bila kusoma alipewa barua ya onyo. Nami nilipewa yangu kwa ajili ya ule muhuri, nikaipokea kwa mikono miwili. Bingwa aliripotiwa, akahamisha kibao chake mtaa wa pili, na nadhani hadi sasa anahama.

Mwaka ule Profesa alizunguka mabandani kweli. Aliporudi siku ya kwanza alikuwa na alama ya mdomo wa jogoo kwenye shavu, na mama yake alimpaka dawa bila kumwuliza neno. Suti ilibaki dirishani. Bwana harusi mmoja aliitaka, ilimkaa sawasawa, Fundi akakataa kumpa. Siku ya mahafali ilipofika hatimaye, mabega ya suti yalimbana kijana, maana alikuwa ametanuka kwa kubeba magunia ya chakula cha kuku, ikabidi baba afumue na kushona upya.

Tasnifu mpya ilikuwa nyembamba kuliko ile ya wizi, na alama zake zilikuwa za wastani. Fundi alinawa mikono, akafungua tabaruku. Iliandikwa: "Kwa baba yangu, fundi cherehani, ambaye yu hai, na kwa mama yangu, ambaye bado anasubiri wajukuu." Alisoma mara tatu. Safari ya tatu sauti haikutoka, mkewe akammalizia.

Ila mtaa nao una mdomo. Habari za kamati zilivuja, na sikuzivujisha mimi. Tangu hapo jina la Fundi limebadilika. Wateja humwita kutoka barabarani, "Marehemu, suruali yangu tayari?" Naye hujibu, "Tayari, ingia." Hata watoto wa shule wakipita humwambia, "Shikamoo, Marehemu." Huitikia marahaba na kuendelea kukanyaga cherehani. Profesa, ambaye sasa anataka tumwite kwa jina lake tu, huinamisha kichwa kila anapolisikia lile la baba yake.

Funzo la Kisa Hiki

Ndugu zangu, anayewasilisha kazi ya mwenzake haibi karatasi peke yake. Huchukua na baba wa mwenzake, na mke, na watoto, kisha hana pa kuwaweka. Mwanafunzi, ukikwama uliza, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu, usisaini usichokisoma. Karani mwenzangu, fungua ukurasa wa pili. Na sisi tunaowapa watoto majina makubwa, tuwaachie nafasi ya kusema "sijui" bila kuchekwa.

Nawe mzazi, mtoto akikuletea kitabu chenye herufi za dhahabu, usikimbilie kukipanga kabatini. Fungua tabaruku, uone kama bado unaishi.