Kikombe Chetu, Kina Chai?

Sogeeni karibu. Aliye nyuma asogee pia, nafasi ipo.

Leo nawasimulia habari za Zawena wa mtaa wa Karakana. Zawena ana miaka sita, na ana sauti ndogo.

Ndogo kiasi gani? Ndogo kama punje ya ulezi.

Asubuhi Zawena humwita mama yake. "Mama!" Lakini sufuria zinalia kwara-kwara-kwara, na mama hasikii.

Dukani Zawena husema, "Naomba chumvi!" Lakini watu wazima wamejaa mbele, na mwenye duka hasikii.

Darasani mwalimu humwambia, "Sauti, Zawena! Toa sauti!" Na Zawena amekwisha kuitoa yote.

Basi kila siku Zawena alijiuliza swali lilelile.

"Nikiita mimi, nani ataitikia?"

Sasa, nyumbani kwao Zawena alikuwepo Shangazi Mwasiti. Huyo alikuwa na sauti kubwa. Akicheka jikoni, kuku wa jirani wanakimbia.

Shangazi Mwasiti alikuwa kiongozi wa nyimbo wa timu ya Ngurumo. Ngurumo wanavaa rangi ya chungwa. Shangazi akianzisha wimbo uwanjani, maelfu ya watu wanaitikia.

Hata akifua nguo, Shangazi aliimba. Fua-fua-fua, huku povu linaruka.

"Kombe letu!" aliimba Shangazi.

"Kombe letu!" aliitikia Zawena kwa sauti yake ya ulezi.

"Lirudi!"

"Lirudi nyumbani!"

Siku moja Zawena aliacha kusuuza, akauliza, "Shangazi, kombe ni nini?"

"Kombe ni kikombe kikubwa," alisema Shangazi. "Kikubwa kwelikweli. Timu zote zinakigombea."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja tu."

Zawena aliwaonea huruma. Watu wote wale, kikombe kimoja!

"Jumapili ni fainali," alisema Shangazi. "Tutacheza na Mawimbi. Twende wote, mwanangu, ukaimbe."

Zawena alifurahi mpaka akakaa ndani ya beseni. Chubwi! Lakini moyoni alijiuliza.

"Nikiita mimi, nani ataitikia?"

Jumapili ikafika. Zawena alivaa fulana ya rangi ya chungwa, na sketi ya rangi ya chungwa.

Babu Mrisho alitoka chumbani. Alivaa kofia ya bluu, shati la bluu, na soksi za bluu zilizofika magotini. Babu alikuwa shabiki wa Mawimbi.

Ndiyo, nyumba moja, timu mbili. Ngurumo na Mawimbi ni watani. Mtani wako anakucheka, nawe unamcheka, halafu mnakula sahani moja.

"Lo! Chungwa gani hili limesimama mlangoni?" alisema Babu. "Nileteeni kisu nilimenye!"

"Hunimenyi, Babu!" alisema Zawena.

"Eti?" Babu aliweka kiganja sikioni. "Sijasikia."

"Hunimenyi!"

"Sijasikia, mjukuu wangu. Haya, twendeni."

Zawena aliwafuata nyuma. Alikuwa na jibu zuri, na hakuna aliyelisikia.

Walitembea mpaka uwanjani. Watu wa bluu waliingia mlango wa kushoto. Watu wa chungwa waliingia mlango wa kulia.

"Kwaheri, mtani," alisema Babu. "Mkilia, msinililie mimi."

"Kwaheri, mtani," alijibu Shangazi. "Leo utazivua hizo soksi!"

Ndani, uwanja ulikuwa mkubwa ajabu. Upande huu wote chungwa. Upande ule wote bluu. Katikati nyasi za kijani, zimelala kimya.

Ngoma zilikuwa zinalia. Du-du-dum! Du-du-dum!

Vuvuzela zilikuwa zinalia. Vuuuu! Vuuuu!

Zawena alikaa mbele kabisa, karibu na mpiga ngoma. Jina lake Kaka Chande, na ngoma yake ilikuwa kubwa kuliko Zawena.

"Mara ya kwanza?" aliuliza Kaka Chande.

Zawena alitikisa kichwa kukubali.

"Basi ujue sheria ya huku kwetu. Ni moja tu. Kiongozi akiimba, tunaitikia. Alivyoimba yeye, ndivyo tunavyoitikia sisi. Neno lake hatulibadilishi."

Shangazi Mwasiti alisimama juu ya kiti. Alishika kipaza sauti.

"Kombe letu!" aliimba.

"KOMBE LETU!" waliitikia watu wa chungwa. Sauti ilikuwa kama mvua kubwa juu ya bati.

"Lirudi!"

"LIRUDI NYUMBANI!"

Zawena aliimba pia. Aliimba kwa nguvu zake zote. Lakini hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Mpira ukaanza. Ukaenda huku, ukaenda kule. Tup! Tup! Tup!

Kisha mchezaji mmoja wa bluu akapiga. Puu! Mpira ukaingia wavuni.

Upande wa bluu ukaruka juu. Upande wa chungwa ukakaa chini. Ubao ukasoma: Mawimbi moja, Ngurumo sifuri.

Shangazi hakukaa. Aliimba. Wakati wa mapumziko aliimba. Kipindi cha pili kilipoanza aliimba tena.

"Kombe le... Kombe... Ko... Kho! Kho!"

Sauti ya Shangazi ilikuwa imekauka. Sauti yote ile, imekwisha!

Watu wa chungwa walingoja. Hakuna aliyeimba. Bila kiongozi wataitikia nini?

Ngoma ikanyamaza. Vuvuzela zikanyamaza. Wachezaji wa Ngurumo walitazama jukwaani, wakainamisha vichwa.

Shangazi alitazama kulia. Kaka Chande alikuwa na ngoma. Alitazama kushoto. Dada mmoja alikuwa na vuvuzela.

Alitazama chini. Hapo alikuwepo Zawena, mikono mitupu.

Shangazi alimsimamisha juu ya kiti. Akamshikia kipaza sauti mdomoni.

Jamani, Zawena aliogopa!

"Nikiita mimi, nani ataitikia?" aliwaza.

Alifumba macho. Akavuta pumzi. Akaimba.

"Kikombe chetu!"

Haya! Mmesikia alichosema? Alisema kikombe!

Kaka Chande alimtazama dada wa vuvuzela. Dada wa vuvuzela alimtazama Kaka Chande. Lakini sheria ni sheria.

"KIKOMBE CHETU!" waliitikia watu wa chungwa, wote pamoja.

Zawena alifumbua macho. Wameitikia! Wamemwitikia yeye!

"Kirudi!" aliimba.

"KIRUDI NYUMBANI!"

Du-du-dum! Du-du-dum!

Upande wa pili, watu wa bluu walisikiliza. Wakatazamana. Kisha wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

"Kikombe! Wanataka kikombe!"

Hapo ndipo Zawena alipojua kwamba amekosea. Wimbo unasema kombe. Yeye amesema kikombe, mbele ya dunia nzima.

Uso ulimwaka moto. Alisukuma kipaza sauti pembeni. Akajificha nyuma ya mkono wa Shangazi.

"Siimbi tena," alisema Zawena. "Siimbi tena kamwe."

Shangazi alitaka kusema neno. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akampapasa mgongo tu, taratibu.

Ndipo watu wa bluu wakaanza kuimba. Watani bwana! Hawakuweza kuacha.

"KINA CHAI?" waliuliza. "KINA CHAI?"

Wakangoja.

Watu wa chungwa nao wakangoja. Walimtazama kiongozi wao mdogo, aliyejificha.

"KINA CHAI?" waliuliza tena watu wa bluu.

Zawena aliwasikia. Watu wameuliza, na hakuna anayewajibu.

Zawena anajua vizuri jinsi inavyokuwa. Unauliza, hujibiwi. Unaita, huitikiwi. Inauma, hata kama wewe ni mkubwa, hata kama umevaa bluu.

Basi akachungulia. Akashika mkono wa Shangazi, akavuta kipaza sauti.

"Kina chai!" akajibu.

"KINA CHAI!" waliitikia watu wa chungwa.

"KINA SUKARI?" waliuliza watu wa bluu.

"Kina sukari!"

"KINA SUKARI!"

"KINA MAZIWA?"

Zawena alifikiri kidogo. "Kina maziwa! Na tangawizi!"

"KINA MAZIWA! NA TANGAWIZI!"

Uwanja mzima ulikuwa unaimba. Bluu wanauliza, chungwa wanajibu. Huku du-du-dum, kule pa-pa-pa, makofi yakipigwa.

Na wachezaji je? Wengine walisimama wakicheka. Namba kumi wa Ngurumo hakusimama. Alikimbia, akakimbia, akapiga. Puu!

Goli!

Ubao ukasoma: Mawimbi moja, Ngurumo moja. Kaka Chande alimrusha Zawena juu, akamdaka.

Mngependa niseme kwamba Ngurumo walishinda, sivyo? Hata mimi ningependa.

Lakini dakika za mwisho Mawimbi walipata kona. Mpira ukapaa, kichwa cha mtu mrefu kikaukuta, ukaingia wavuni.

Firimbi ikalia. Firiii! Mawimbi mbili, Ngurumo moja.

Zawena alilia. Machozi yalishuka mpaka kwenye fulana. Kaka Chande naye alijifuta macho, akasema ni jasho.

Nahodha wa Mawimbi alinyanyua kombe. Lilikuwa kubwa kwelikweli, lina masikio mawili, linang'aa.

Zawena alilitazama. Alivuta kamasi. Kisha akashika kipaza sauti, safari hii bila kuambiwa.

"Kikombe chenu!" akaimba.

Watu wa chungwa walishusha pumzi. Ilikuwa ngumu. Lakini kiongozi ameimba.

"KIKOMBE CHENU!" waliitikia.

"Kina chai?"

"KINA CHAI?"

Na upande wote wa bluu ukasimama. Wakaweka mikono vifuani, wakamjibu Zawena.

"KINA CHAI! KARIBUNI!"

Zawena alicheka, machozi bado yako mashavuni.

Jioni, Babu aliingia nyumbani akitembea kwa madaha. Soksi zake za bluu zilikuwa bado magotini.

"Kuna harufu ya machungwa yaliyokamuliwa humu ndani!" alisema Babu.

Alisubiri Shangazi amjibu. Shangazi alifungua mdomo. Hakuna kitu.

"Eti?" alisema Babu.

Shangazi alijaribu tena. Ilitoka sauti ndogo, nyembamba, kama uzi.

"Ssss," alisema Babu. "Nyamazeni jamani. Mwasiti anasema."

Mama aliacha sufuria. Redio ikazimwa. Nyumba yote ikatulia ili Shangazi asikike.

"Amesema utachemsha chai wewe," alisema Zawena. "Kombe si mmechukua nyinyi? Basi mshindi ndiye anayechemsha chai."

Babu alimgeukia. "Nimekusikia," alisema. "Neno kwa neno."

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Nasikia alizidisha tangawizi.

Baada ya chakula Zawena alinawa miguu. Akapanda kitandani, karibu na kitanda cha Shangazi. Neti ikashushwa. Taa ikazimwa.

Nje, mbali, mtu mmoja alikuwa bado anapuliza vuvuzela. Vuuu. Kisha naye akachoka.

Zawena hakupata usingizi mara moja. Aliwasikia tena wale watu wote. Du-du-dum, du-du-dum, taratibu, taratibu.

"Shangazi," aliita. Hakupaza sauti.

Akangoja.

"Abee," aliitika Shangazi gizani.

Ilikuwa sauti ndogo mno, ndogo kuliko ya Zawena. Na Zawena aliisikia.