Gari Jeupe Lisigongwe

"Kinyonga, usimgonge! Narudia, usimgonge!"

Sauti ya Mkuu ilikwaruza redioni. Kinyonga, jasusi wa Idara, alikaza usukani. Mbele yake gari jeupe liliruka kona kama mshale.

Dereva wa gari hilo alikuwa mfanya magendo waliyemwita Daktari.

Siku hiyo wenye magari ya barabarani waliruhusiwa kuyakimbiza kwenye uwanja wa mbio. Jua lilichemsha lami. Chini ya bampa la gari jeupe, mahali palipokuwa na kipoza mafuta ya injini, zilifichwa chupa za vijidudu. Moja ingepasuka, watu wa mji wangezikana. Helikopta ya kuzichukua ilikuwa njiani.

Na kwenye kiti cha abiria alikaa mjomba wake Kinyonga.

Fundi. Ndiye aliyeking'oa kipoza kile kwa amri ya Daktari, na ndiye aliyeitonya Idara. Sasa mdomo wa bastola ya Daktari ulikuwa ubavuni mwake. Kinasa sauti cha redio kilifichwa kwenye kola yake, na Kinyonga alisikia kila neno.

"Bosi," mjomba alisema kwa upole, "usije ukamganda mtu nyuma. Gari la nyuma hula hewa ya moto. Rejeta haipozi."

"Nani amekuuliza?"

Kinyonga alielewa. Maneno yale yalikuwa yake, si ya Daktari.

Akakanyaga mafuta hadi mwisho, akampita kwa ndani, akamkalia puani. Daktari akienda kushoto, yupo. Kulia, yupo. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Kinyonga ulipanda. Akafungua hita ya ndani iinyonye injini joto. Jasho likamwingia machoni.

"Inachemka!" Daktari alifoka. "Washa hita!"

Mjomba akaiwasha.

"Mbona inatoa baridi?"

"Nilikata bomba lake, Bosi."

"Unaongea na nani wewe?"

"Na mpwa wangu." Mjomba alikohoa. "Usipunguze, mwanangu."

Mlio mmoja wa risasi.

Kinyonga hakupunguza.

Mvuke mweupe ulifumka kwenye boneti ya gari jeupe. Gari likakohoa, likajikokota, likazimika lenyewe pembeni. Juu, helikopta iligeuza na kutokomea. Kinyonga alimvuta Daktari kwa shingo, akamlaza kwenye lami, akamtia pingu.

Kisha akafungua mlango wa pili. Alimfumba mjomba macho. Kucha zake zilikuwa na grisi bado.

"Chupa?" Mkuu aliuliza.

"Nzima zote. Fundi hatunaye."

"Pole. Sikiliza, Kinyonga. Kulikuwa na gari la pili lenye chupa. Limevuka mpaka asubuhi."

"Tuna mtu wetu ndani yake?"

"Hakuna."

Kinyonga alitazama mjomba wake, kaka pekee wa mama yake.

"Mama ataambiwa na nani?"

"Tulidhani utamwambia wewe."

Alizima redio. Akavaa miwani ya jua, akafunga zipu ya koti, akatembea kuelekea getini bila haraka. Watazamaji wakampisha.

Mmoja alimpigia makofi.