Kabla Sufuria Haijatokota

Walikutana soko la Virunga mjini Goma, jua kali, kelele kila upande. Émérance, binti wa Masisi mwenye ulimi mwepesi, alisimama nyuma ya magunia yake ya maharage, kitenge cha njano kimembana kiunoni. Kijana mwenye shati jeupe na viatu vya kung'aa akachota maharage kiganjani.

"Dada, hii inaivaka haraka?"

"Kwani weye uko na haraka ya kuenda wapi?"

"Kwetu Butembo. Naruka na avion, nitafika mbele sufuria yako itokote!"

Aliitwa Gradi, mchuuzi wa vitenge. Alinunua kilo moja, na juma lililofuata akaja kununua nyingine, ingawa hata jiko hakuwa nalo. Mapenzi yakakolea. Kila jioni simu iliita kutoka Butembo: "Chérie, weka maharagi kwa moto, niko nakuja!" Naye Émérance alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha vita vikaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, barabara ya Butembo ikakatwa na majeshi. Lakini siku ya Gradi kujitambulisha kwa wazazi ilikuwa imeshapangwa.

"Nitakuja tu," aliapa. "Nitazungukia Uganda."

Siku ikafika. Baba yake Émérance, Papa Théoneste, akavaa koti lake la sherehe. Maharage yakaiva, yakapoa. Gradi hakuonekana.

Jioni simu ikaita, namba ya Uganda, ikakatika kabla mpigaji hajasema neno. Émérance akangoja ipigwe tena, wapi! Akapiga mwenyewe. Akapokea mwanamke.

"Unatafuta Gradi? Amelala."

Émérance alilia kwa uchungu na aibu. Papa Théoneste akavua koti. "Huyo asikanyage tena hapa," akasema.

Kesho yake mlango wa nyumba yao, mtaa wa Katindo, ukabishwa. Alikuwa Gradi, shati jeupe limekuwa rangi ya udongo, na kando yake mama mmoja mzee, mnene, mwenye vifurushi.

"Rudia yule mwenye anakulalisha!" Émérance akafoka.

"Njo miye huyo," mama akajibu. "Annonciata. Tulikutana njiani. Simu yake ilizimika, nikamuazima yangu. Réseau ya simu ikakatika, usingizi ikamubeba. Alilala kwa bega yangu ndani ya bisi, anakoroma mpaka Kisoro!"

Émérance akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka.

Papa Théoneste alijitahidi kubaki amekunja uso. "Na wajomba zako wako wapi? Nani atakusemea?"

"Papa, hawakuweza. Kasindi, Uganda, Bunagana, Rumangabo… njia ni ndefu kwa bazee."

"Nitamusemea miye," akasema Mama Annonciata. "Ule mwenye bega yangu ilimubeba, ni mutoto wangu."

Papa Théoneste akalivaa tena koti lake, akamvutia mama kiti cha wageni.

"Maharagi iko?" Gradi akanong'ona.

"Iliisha. Nabandika ingine. Utangoja?"

"Nitangoja, chérie. Siko tena na haraka."

Wakaketi kando ya mbabula, makaa yakishika moto polepole. Kabla sufuria haijatokota, Gradi alikuwa ameshalala, safari hii begani kwa Émérance.