Kiungo Nyuma ya Plasta

Jioni ile niliingia chumbani kwa mama mkwe kuchukua spana yangu tu. Nilikuwa nimeisahau juu ya kabati. Jua lilikuwa linazama, taa haijawashwa, na chumba kizima kilinuka plasta mbichi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwambie aache kugonga."

Alikuwa amekaa kitandani, blanketi hadi kidevuni. Tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Nani, Mama?"

"Baba yenu."

Baba mkwe tulimzika mwaka jana.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mkwe mwenye adabu. Halafu nikasikia...

Ko. Ko... Ko.

Ndani ya ukuta, juu kidogo ya mto wake.

Ukuta wenyewe niliuziba mimi. Mama mkwe ni mtu wa kusikia baridi hata watu wengine wakivua masweta, na mimi ni fundi bomba, kwa hiyo wa kubebeshwa kazi alikuwa anajulikana. Nikamfungia boila ya kuchemsha maji na redieta ya kupasha chumba joto. Lakini mabomba hakutaka kuyaona. "Sitaki nyoka wapande ukutani nikiwa nimelala," alisema. Basi nikachimba mifereji ukutani, nikalaza mabomba ya plastiki, nikapiga plasta juu yake mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Mke wangu akapiga picha akawatumia ndugu zake wote. Nilisifiwa mpaka nikaona aibu.

Aibu ilikuwa na sababu. Katika kazi yetu kuna jambo ambalo hata fundi mlevi analijua: bomba la plastiki likiingia ndani ya plasta, viungo vyake vinayeyushwa kwa moto mpaka vishikane na kuwa kitu kimoja. Kiungo cha kukaza kwa spana hakizibwi kamwe, maana siku moja kitalegea. Hicho unakiachia kidirisha ukutani. Sasa pale juu ya kitanda, viungo vya kuyeyusha viliniishia, na duka lilikuwa limefungwa. Nikatia cha spana. Nikajiambia kesho nitakibadilisha. Kesho yake nikapiga plasta, hata presha ya maji sikupima.

Hakuna aliyejua. Nilidhani hivyo.

Baba mkwe alikuwa mwashi, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Plasta ya mtu yeyote ikishakauka, alipita akiigonga kwa mpini wa mwiko. Mara mbili, anasikiliza, halafu mara moja. Alikuwa anatafuta palipo na uvungu. Akipapata hasemi neno, anakutazama tu. Siku moja alinitazama hivyo, nikabomoa kazi yangu mwenyewe bila kuambiwa.

Ko. Ko... Ko.

"Ni bomba hilo, Mama," nikasema. "Likipata moto linatanuka, ndiyo maana linalia."

"Kwani boila imewashwa?"

Nikaweka kiganja ukutani. Baridi tupu. Maji yalikuwa yameshajazwa kwenye mabomba, lakini boila ilikuwa bado inasubiri mafuta.

"Ndiyo inaanza kuwaka," nikamjibu, nikachukua spana yangu nikatoka.

Tangu siku hiyo, kila jua likizama Mama alituita. Mke wangu aliweka sikio ukutani, akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii kitu. Wewe je?"

Nilikuwa nasikia vizuri sana. Nilikuwa nasikia mpaka kwenye meno.

"Hata mimi sisikii."

Mama akanitazama. Hakukasirika. Laiti angekasirika!

Habari zikamfikia shemeji, kaka yake mke wangu. Akaja na gari jioni moja, akakaa na mama yake kwa muda, kisha akanivuta kwenye kona ya chumba.

"Kichwa cha Mama kimechoka," akaninong'oneza. "Kuna makao ya wazee, manesi wapo, nimeshaongea nao. Lakini nataka kwanza uniambie wewe fundi. Wewe ndiye uliyeziba. Kuna kitu humo kinachoweza kugonga?"

Wakati uleule...

Ko. Ko... Ko.

Shemeji hakupepesa hata jicho. Mimi na Mama ndio tuliogeuka.

Nikisema kipo, nitaubomoa ukuta mbele yake, na kiungo changu kitaonekana. Nikisema hakipo, Mama ataitwa mgonjwa. Nilijua hivyo kabisa. Nisidanganye kwamba sikujua.

"Hakuna kitu," nikasema. "Kazi ni safi."

Mama akafunga mkoba wake bila ubishi. Alipofika mlangoni aliniinamia sikioni.

"Haniiti mimi, mwanangu. Anakuita wewe."

Gari likaondoka na wote kwenda kwenye makao, mke wangu akiwa amemshika mama yake mkono kwenye kiti cha nyuma.

Nikarudi chumbani. Kugonga hakukukoma. Sasa kulikuwa kwa haraka, kama kwa mtu asiye na subira tena. Na harufu... Haikuwa ya plasta. Ilikuwa ya udongo uliochimbwa chini kabisa, ule wenye maji.

Nikachukua nyundo na patasi. Nikabomoa, vumbi likinijaa mdomoni, mpaka bomba likaonekana.

Kiungo kilikuwa kimezungushiwa kitambaa.

Mimi nilipoziba hapakuwa na kitambaa.

Kilikuwa kimekazwa vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, kazi ya mtu aliyezoea kufunga vitu. Mistari ya buluu. Nilikitambua: kilikuwa kipande cha shati. Shati lile nilimvalisha baba mkwe mimi mwenyewe siku ya mazishi. Vifungo vyake nilivifunga kimoja kimoja kwa vidole hivi.

"Baba," nikanong'ona. "Nimeona. Niachie mimi."

Nikakifungua polepole. Chini yake nati ilikuwa imelegea kabisa, inazunguka kwa kidole, na hata tone moja halikuwa limetoka. Mzunguko wa mwisho ulipoachia, maji yakanipiga usoni. Nikakimbia kufunga koki. Niliporudi na taa, sakafuni kulikuwa na maji na vipande vya plasta.

Kitambaa hakikuwepo.

Usiku huohuo mke wangu aliporudi nilimwambia kila kitu, na shemeji nikampigia simu. Alikata bila kuniaga. Nilikibadilisha kiungo, nikayeyusha kama inavyotakiwa, nikapima presha. Ukuta ukakaa kimya. Jioni nyingi nimesimama pale kusikiliza.

Nikaenda mwenyewe kumchukua Mama. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nilisikia tangu siku ile ya kwanza. Nimebomoa, nimetengeneza. Twende nyumbani."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya mapaja.

"Bado anagonga?"

"Hapana, Mama. Ametulia. Ameshaondoka."

Nilidhani namfariji.

Macho yake yakajaa maji. "Sasa nirudi kwa nani?" akaniuliza.

Nesi akaingia kuwasha taa, naye Mama akamwambia kwa upole kabisa:

"Msindikize huyu mgeni. Anaondoka."