Tairodi Iliyojua Njia

Mwanzoni mwa mwaka huu, 1953, Bitutu wangu alikuwa na miezi minne. Wawili waliomtangulia nilikuwa nimewazika. Kwa hiyo alipopata homa, mume wangu Obwocha alitupakia kwenye pikapu lake kuukuu, tukashuka kutoka Manga hadi mjini Kisii kwa daktari. Baba mkwe wangu, mzee Manasseh, alikaa mbele na mwanawe. Mimi nilikaa nyuma, mtoto mgongoni. Kwetu, mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe, wala hampingi neno. Hiyo ndiyo chinsoni, na nililelewa nayo.

Homa ilishuka. Lakini usukani ulikuwa umelegea, gari likiyumba kama mlevi. Alasiri, jua likiinama, tukasimama kwa Salat, muuza vyuma vya magari ya zamani.

Alitandaza gunia, akaweka tairodi mbili, vile vyuma vinavyoyafanya magurudumu yaufuate usukani. Moja ilikuwa na kutu, imelegea kidogo kichwani. Nyingine ilikuwa nyeusi, imekaza. Imefungwa uzi mwekundu.

"Hii yenye kutu itawafikisha," Salat alisema. "Polepole, lakini itawafikisha."

"Polepole ni ya ng'ombe, Salat. Mimi nina gari," Obwocha akasema.

Mzee Manasseh aliiokota ile nyeusi, akaitikisa karibu na sikio.

"Tata, hilo si yai," Obwocha akamcheka baba yake.

"Nyamaza. Hii hapa. Hailegei popote."

Salat alizipokea pesa. Alitazama chini.

Asli, mke wa Salat, aliniita uani ninyonyeshe. Nilipokaa tu, akainama sikioni mwangu.

"Dada, ile ya uzi mwekundu... mwambie mumeo aiache."

"Kwa nini?"

"Imeuzwa mara mbili. Hakuna mtu aliyeirudisha. Tuliikuta mlangoni alfajiri, ina tope. Tumeitupa mtoni, ikarudi." Akamtazama Bitutu. "Wote wawili walioinunua walikuwa na mtoto mchanga. Watoto hawakumaliza mwezi."

Nikarudi mbio. Obwocha alikuwa ameshalala chini ya gari, anakaza. Baba mkwe alichuchumaa kando yake, ameshika spana. Nikafungua kinywa.

Mzee akageuka. "Mke wa mwanangu ana neno?"

Chuma alikichagua yeye. Nikainamisha macho.

"Hapana, tata."

Maneno mawili tu.

Gari lilitulia barabarani kama maji kwenye mtungi. Obwocha alipiga mluzi. Mimi nilisikia harufu ya udongo mbichi, halafu ya oili iliyoungua. Chini ya kilima cha Manga njia inagawanyika. Kwetu ni kulia. Kupitia kidirisha niliona mikono ya Obwocha ikizungusha usukani kulia, kulia hadi mwisho.

Gari likaenda kushoto.

"Unatupeleka wapi?" mzee akafoka.

"Si mimi, tata! Si mimi!"

Migomba ilitukwaruza pande zote mbili. Kisha boma moja, nyumba moja, mlango wazi. Injini ikazima yenyewe.

Mama mzee alikuwa amesimama mlangoni. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

"Mmekuja naye?" akauliza.

"Na nani, mama?" Baba mkwe alishuka garini, Obwocha nyuma yake.

"Mwanangu. Alifia barabarani ndani ya gari lake. Hakuna aliyekwenda pale alipoanguka kuiita roho yake irudi nyumbani. Sasa anakuja na chuma chake. Lakini anakuja bila mwili."

Aliwapita wanaume wale kama nguzo. Hawakusogea. Akaja nyuma, kwangu. Nikaikaza mbeleko kwa mikono miwili.

Mkono wake ulipita juu ya bega langu, ukaingia ndani ya mbeleko.

"Huyu ana nguvu," alinong'ona. "Huyu atamtosha."

Bitutu hakulia.

Gari likawaka. Likageuka. Likatufikisha nyumbani kabla giza halijakolea.

Tangu siku ile hatujazungumza juu ya boma lile. Mwezi ulipita, Bitutu hakufa. Homa haikurudi. Nilipokutana na Asli katika soko la Daraja Mbili, alinishika mikono miwili.

"Safari hii ile tairodi haijarudi mlangoni," alisema, akimshukuru Mungu wake. Kisha akamtazama mtoto vizuri, naye mtoto akamtazama. Asli akaacha kushukuru.

Yule mama mzee anaitwa Nyanchera. Yu hai. Huja sokoni na ndizi mbivu, hunichagulia iliyo nzuri kuliko zote. "Mpe mwanangu," husema.

Sasa Bitutu anaweza kukaa. Kila jua linapotua hunyoosha mikono yote miwili mbele yake, hushika hewa, huzungusha kushoto. Taratibu. Kushoto hadi mwisho. Nikimfunga mikono kwa kanga, huitazama njia.

Jana mzee Manasseh alimwona, akacheka hadi machozi.

"Huyu msichana atakuwa dereva!"

Nikainamisha macho.

"Ndiyo, tata."