Neptun ya Saa Saba

"Nanga Mbili, hali ya sahani?"

"Imevunjika."

Redio ikajibu: "Tafuta nyingine. Una mpaka saa saba mchana."

Mayala, askari kanzu, aliifunga redio yake ya Motorola na kutazama kiganja. "Sahani" lilikuwa jina la siri la saa ya mkono, na sasa ilikuwa chapati ya chuma. Mjumbe aliyeshuka nayo kwenye treni ya Dar asubuhi ile, alipoona pingu za Mayala, aliivua na kuiponda kwa kisigino. Mara tatu.

Alijua anachofanya.

Ilikuwa saa aina ya Neptun, ya mwaka 1964. Shimba, tajiri wa sangara anayevusha bunduki ziwani chini ya barafu ya samaki wake, alikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo. Shimba hakuwahi kumwona mjumbe. Atakayeingia na Neptun kama yake, ndiye mjumbe. Na mjumbe alikuwa anamletea jina la jasusi wa polisi aliyejificha ofisini mwake.

Jasusi huyo alikuwa Odeta.

Miezi mitano alikuwa karani kwenye ghala la samaki la Shimba kule Pasiansi, na aliyempeleka ni Mayala mwenyewe. Sasa makarani wote watatu walikuwa wamefungiwa kwenye chumba cha barafu tangu alfajiri, wakisubiri jina. Saa saba ikipita bila jina, wote watatu wangetupwa ziwani. Polisi wakivamia kabla mlango haujafunguliwa, wangekuta maiti.

Mayala aliogopa. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kupata Neptun ya bandia hakukuwa kazi. Soko huria lilikuwa limeimwagia Mwanza kila takataka ya Dubai, na karibu na soko kuu alipata moja mezani, kati ya vitana na betri. Ilikuwa ya kutia ufunguo kwa mkono, kama ile ya kweli. Ila iling'aa kwa kiburi. Kipofu tu ndiye angedanganyika.

Saa tatu kasoro robo aliiweka mbele ya Ngosha, fundi saa wa Nyamagana, pamoja na ile iliyopondwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii imekanyagwa na ng'ombe?"

"Nataka hii mpya iwe kama hii. Izeeke miaka thelathini. Kabla ya saa sita na nusu."

Ngosha alibana kioo chake cha kukuzia jichoni, akaigeuza ile mpya. "Mwanangu, hata mimi sikuzeeka asubuhi moja."

"Mzee, kuna mtu atakufa."

Ngosha alimtazama, akaacha utani. Alishusha turubai la kibanda nusu.

Aliifumua yote. Kasha alilitia kwenye soksi pamoja na mchanga wa ziwani na misumari, akamkabidhi Mayala atikise. Mayala alitikisa mpaka mabega yakawaka. Uso wa saa Ngosha aliuchovya kwenye chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nzito, akaukausha juu ya jiko la mkaa, akarudia. Weupe ukawa rangi ya meno ya mvuta kiko. Mishale aliipitishia siki. Kioo alikisugua kwa majivu.

Saa tano uso ukaungua ukingoni.

Mayala aliinama kuutazama. "Umeharibu."

"Nyamaza. Jua la miaka thelathini haliunguzi sawasawa."

Aliuchovya tena. Mwisho aliivalisha mkanda wa ile iliyopondwa, ukiwa bado na jasho la mwenyewe. Alilinganisha majira na redio yake, akainama tena kidogo na sindano mkononi, akafunga kifuniko cha nyuma.

"Nenda nayo."

Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. Mayala alikuwa ameshawasha Land Cruiser.

"Nanga Mbili, tuko nyuma ya mawe. Askari kumi na wawili," redio ilisema njiani kwenda Pasiansi.

"Msisogee mpaka mnisikie nikibofya mara tatu."

Kitufe cha kutuma ishara hiyo kilikuwa kwenye kifungo cha chuma cha mkanda wake wa suruali. Bastola yake ya Browning aliiacha chini ya kiti cha gari, kwa sababu getini wangempapasa tu. Walimpapasa kweli.

Shimba alikuwa mnene, mpole wa sauti. Alimkaribisha kiti, akanyoosha mkono. Mayala akavua saa.

Shimba aliiweka kando ya yake. Akaipima uzito. Akainusa mkanda. Kisha akachomoa kisu kidogo na kufungua kifuniko cha nyuma.

Akakisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

Akamgeuzia. Ndani ya kifuniko, maandishi madogo ya kukwaruza kwa sindano: *Ngosha, 17/8/95*.

Ilikuwa tarehe ya leo.

Mzee alikuwa ameweka alama yake, kama anavyoweka kwenye kila saa ipitayo mikononi mwake. Mlinzi mlangoni alisogeza bunduki. Odeta alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, anaganda. Hakuna uongo uliomjia.

Basi akasema kweli.

"Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Uliniambia saa saba. Sikutaka nikufikie na saa mbovu."

Shimba alifungua ya kwake taratibu. *Ngosha, 4/2/88. Ngosha, 9/11/93.*

"Huyu mzee," alisema, na mabega yake yakashuka. "Huwezi kumzuia kuweka alama yake. Na mwenye kughushi haweki tarehe ya leo. Haya, jina."

"Silitaji mbele ya walinzi wako. Nionyeshe watu, nitamshika bega."

Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa wa chuma, mnene kama godoro. Shimba aliufungua mwenyewe na kutangulia kuingia. Makarani watatu walikuwa wamekumbatiana juu ya makreti. Midomo ya Odeta ilikuwa ya kijivu. Alimwona Mayala na hakupepesa hata jicho.

Mayala alibofya mara tatu.

Kisha akamkaba Shimba shingo, akaupiga mlango teke ukajifunga, na kupachika ndoano ya samaki kwenye komeo. Walinzi waliobaki nje walimimina risasi. Chuma kilizimeza zote. Bastola ya Shimba ilianguka, na Odeta, kwa vidole asivyovihisi, akaiokota na kumwelekezea mwenyewe.

"Umechelewa," alimwambia Mayala, meno yakigongana.

"Dakika mbili."

Nje ilisikika milio ya bunduki za askari, kisha amri, kisha silaha zikitupwa chini. Kwenye makreti, chini ya sangara, bunduki zilikuwa mia mbili na arobaini.

Saa kumi jioni Mayala alisimama mbele ya kibanda cha Ngosha. Alikuwa amekuja kugomba. Aliiweka Neptun mezani, kifuniko wazi.

"Mzee, tarehe hii nusura ituue."

Ngosha hakuinua kichwa. "Nimekudanganyia kioo. Nimekudanganyia mishale, uso, mpaka mikwaruzo. Hapo ndani tu ndipo niliposema kweli."

Mayala alifunga kifuniko, akaivaa saa ile ya bandia mkononi, akaweka miwani yake ya jua na kushuka polepole kuelekea hospitali alikolazwa Odeta.